Lini Uvue Kofia, Lini Uiache Kichwani

Mshereheshaji akitangaza kwamba sasa wote tusimame kwa wimbo wa taifa, tazama mikono ya wanaume. Mmoja anavua kapelo na kuibana kwapani. Wa pili, mwenye baraghashia, anainua mkono, unafika usawa wa sikio, anasita, kisha anaushusha akijifanya anajikuna. Wa tatu ni kijana. Naye ana baraghashia, lakini ameivua kwa kumfuata mwenye kapelo, na mzee aliye nyuma yake anamkodolea macho kana kwamba amevua shati.

Wote watatu wanataka kuonyesha heshima. Kinachowababaisha ni kwamba tunavaa kofia za namna mbili, kila moja na adabu yake, na adabu hizo zinakwenda kinyume. Kofia iliyotujia na Wazungu, yenye ukingo pande zote au mdomo mbele, huonyesha heshima kwa kuvuliwa. Kofia ya mwambao, isiyo na ukingo, huonyesha heshima kwa kubaki ilipo. Basi ukiwa na shaka, pitisha kidole mbele ya paji lako. Kikigusa ukingo, vua. Kisipogusa kitu, acha.

Ukingo si jambo dogo. Mwenye kuswali huweka paji la uso chini, na ukingo humzuia. Ndiyo maana baraghashia, tarbushi na kilemba vyote vinaishia juu ya paji. Waturuki walilijua hilo vizuri. Sultani Mahmud II alipowavika askari na maofisa wake tarbushi katika miaka ya 1820, alichagua kofia isiyo na ukingo. Na Atatürk alipotaka kuwageuza watu wake sura mwaka 1925, aliipiga marufuku tarbushi kwa sheria na kuleta kofia za ukingo za Ulaya. Huku kwetu tarbushi iliendelea na maisha yake. Askari wa King's African Rifles waliivaa pamoja na sare, nao mabwana wa Unguja na Mombasa waliivaa na kanzu na koti, kishada cheusi kikining'inia. Leo utaiona zaidi kwenye picha za zamani. Ukiirithi kwa babu, usiifue kwa maji, kwa kuwa ni sufu iliyogandamizwa na umbo lake litaharibika. Ipige brashi kavu tu.

Kanuni ya ukingo inawahusu hata wasio Waislamu. Jomo Kenyatta alikaa kwenye dhifa za serikali na kofia yake ya shanga, yenye asili ya Uluoni, na hakuna aliyetarajia aivue. Mobutu naye hakuvua ile ya ngozi ya chui. Hazikuwa na ukingo, na zilikuwa sehemu ya vazi la cheo. Mvunjaji mkuu wa kanuni katika ukanda wetu ni Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini, ambaye pama lake jeusi, la kwanza akiwa amepewa zawadi na George W. Bush mwaka 2006, halitoki kichwani hata ndani ya ukumbi. Ukiwa rais nawe utavaa upendavyo. Kabla ya hapo, vua pama lako mlangoni.

Tukirudi kwenye wimbo wa taifa: mwenye kapelo au pama avue, aishike kwa mkono wa kushoto au aibane kando ya paja. Mwenye baraghashia, kilemba au kofia ya shanga abaki nayo, asimame wima, mikono chini. Mwenye sare ya jeshi au polisi anafuata amri za kikosi chake, wala si za makala haya.

Msikitini, kanisani, makaburini

Msikitini watu hukosea kwa kuzidisha. Kofia si sharti la swala kwa mwanamume. Ni mapambo na ni desturi yetu, lakini aliyeswali kichwa wazi ameswali. Kwa hiyo kijana aliyetoka kazini akaingia safu bila kofia usimsukume kwa kiwiko, wala usimvike ya kwako iliyolowa jasho. Anayehitaji kuangaliwa ni aliyevaa kapelo na mdomo wake mbele. Aigeuze nyuma au aiweke kando. Na mwenye baraghashia iliyoshuka hadi kwenye nyusi aipandishe kabla ya takbira, kwa kuwa wengi wetu wa pwani ni Washafi, na katika madhehebu yetu paji lenyewe linatakiwa kugusa mahali pa kusujudia.

Kanisani mambo yanageuka. Mwanamume Mkristo huingia kichwa wazi, kwa desturi inayotegemea barua ya kwanza ya Paulo kwa Wakorintho, sura ya 11. Hapo hata kofia isiyo na ukingo haisameheki. Mtazame askofu Mkatoliki: kile kikofia chake cha duara, kidogo kama kilivyo, hukivua Sala ya Ekaristi inapokaribia. Basi Mkristo aliyependeza kwa baraghashia ya fasheni aivue mlangoni. Mwislamu aliyealikwa kwenye harusi ya kanisani ni jambo lingine. Kofia yake ni sehemu ya dini yake, na wazee wa kanisa wenye busara hawamgusi. Abaki nayo na akae palipo na nafasi kama mgeni mwingine yeyote.

Mkristo anayekwenda kwenye nikaha au mazishi ya Kiislamu mara nyingi huuliza kama avae kofia. Halazimiki. Lakini akivaa, wenyeji watafurahi, na hakuna atakayedhani amesilimu. Anunue ya mashine, nyeupe, isiyo na maneno yaliyodariziwa, na aivae tangu nyumbani. Kuivaa mbele ya watu huku ukiuliza "hivi ndivyo?" kunaharibu nia nzuri. Makaburini asiivue jeneza linapopita. Katika mazishi ya Kikristo, kinyume chake, kapelo na mapama yote huwa mkononi tangu jeneza linapotolewa ndani mpaka kaburi lifukiwe, hata jua likiwa kali.

Hapa niseme juu ya kofia za vyama. Kampeni zikiisha tunabaki na makapelo ya bure, ya rangi zote, na shambani yanafaa sana. Msibani hayafai. Hata kama marehemu alikuwa mwanachama mkereketwa, mwachie mwenyekiti wa tawi avae yake. Wewe umekuja kuzika.

Mbele ya wakubwa na kwenye ofisi

Ukikutana na mtu mzima, kapelo inatoka kwanza, shikamoo inafuata. Ukisalimia nayo ikiwa imeziba macho, hata maneno yakiwa sahihi, shikamoo yako ina kasoro. Kwa mwenye baraghashia inatosha kuinamisha kichwa kidogo. Ukweni usiivue kabisa, hata joto likizidi. Mkwe aliyeketi kichwa wazi sebuleni huonekana amejiachia mapema mno. Mezani kapelo haikai kichwani, na haikai juu ya meza pia; iweke gotini au chini ya kiti. Baraghashia inabaki.

Usiguse kofia ya mtu mzima, hata kwa mzaha. Ikianguka, iokote kwa mikono miwili, ipanguse, mpe mwenyewe aivae. Watoto wakichezea kofia ya babu wanakatazwa haraka kuliko wanavyokatazwa simu yake, na wanakatazwa kwa haki. Kumpokonya mtu kofia katika ugomvi ni tusi litakalohitaji wazee kulisuluhisha.

Benki nyingi zimebandika tangazo mlangoni: vua kofia na miwani ya jua. Sababu yake ni kamera, wala hakuna dharau ndani yake. Mdomo wa kapelo huficha uso unapopigwa picha kutoka juu. Baraghashia kwa kawaida hupita bila neno, lakini mlinzi akikuomba uivue, ivue, mpishe anayefuata, uivae tena ukitoka. Mahakamani mwenye kapelo asisubiri kuambiwa na karani.

Wenye ndugu au biashara Oman wajue tofauti moja. Kofia ya kudarizi ya kule ni ndugu wa kofia ya Unguja, matokeo ya vizazi vya kwenda na kurudi baharini, lakini nafasi yake ni ya mapumziko: sokoni, barazani, nyumbani. Mtumishi wa serikali akiwa kazini hufunga kilemba. Ukienda Muscat kumwona mkubwa ofisini, wewe mgeni hutalaumiwa kwa kofia yako. Ila usishangae ukimkuta mwenyeji wako aliyekuja uwanja wa ndege na kofia amefunga kilemba asubuhi yake.

Kwa wanawake kanuni ya ukingo haifanyi kazi. Kofia ya mama, hata yenye ukingo mpana na ua la hariri, ni sehemu ya vazi lake, haivuliwi ndani wala kanisani. Namwomba jambo moja tu: kama ukingo unazidi mabega, akae safu za nyuma au pembeni. Wengine nao wamekuja kumwona bibi harusi.

Kununua ya mkono

Sasa tuje kwenye kofia yenyewe. Ukipita Darajani, Unguja, utaona kofia zimepangwa kwa mafungu, zote nyeupe, zote zimedariziwa, na bei zinatofautiana mara kumi au zaidi. Muuzaji hakudanganyi. Zile za bei ya chini ni za mashine, nyingi kutoka China. Ya bei ya juu ni ya mkono, na kofia moja ya kazi nyingi huchukua miezi, ikishonwa saa moja leo na nusu saa kesho, baada ya kazi za nyumba, kibarazani, watu wakizungumza. Lamu na Siyu nako kazi hiyo ina jina la tangu zamani, na Wangazija wana yao, maarufu kwenye harusi zao kubwa.

Kuzitofautisha, igeuze ndani nje. Ya mashine ina uzi wa chini uliotapakaa, na mara nyingi kitambaa kigumu kimebandikwa ili ikae wima. Ya mkono ni safi ndani karibu sawa na nje. Kisha inyanyue dhidi ya mwanga. Kofia ya mkono imetobolewa vitundu vidogo kwa sindano, mamia kwa mamia, na kila kitundu kimezungushiwa uzi ukingoni ili kisifumuke. Mwanga unapenya katika vitundu hivyo, na upepo vilevile. Kwa hiyo mzee anashinda na kofia juani Mombasa bila kulalamika, na wewe wa kofia ya mashine unaivua kila baada ya dakika kumi. Vitundu vya mkono havilingani sawasawa. Kimoja kimeelemea kushoto, kingine ni kidogo kuliko jirani yake. Ukiona vyote vimefanana kabisa, usilipe bei ya mkono.

Tazama pia kile kipande cha duara cha juu kinapoungana na mzunguko wa pembeni. Fundi mzuri hupatanisha ua la juu na ua la pembeni, macho yasione pa kukatia. Fundi wa haraka huunga popote.

Kabla ya kununua, jipime. Zungusha futi ya fundi juu ya masikio na katikati ya paji, bila kukaza. Inchi 22 ni kama sentimita 56. Kofia ya mkono haivutiki, na pamba ambayo haijafuliwa hunywea kidogo maji ya kwanza, kwa hiyo chukua inayolegea kidogo tu. Ijaribu kwa kuinama kama mtu aliye kwenye rukuu: ikidondoka, ni kubwa. Ivae huku ukiongea bei kwa muda. Ukiivua na kukuta mstari mwekundu kwenye paji, ni ndogo, na kichwa kitakuuma hotuba zikirefuka.

Mwenye uso mrefu apunguze urefu wa mzunguko wa pembeni, asije akajiongezea kimo usoni. Mwenye uso wa duara au mashavu aongeze. Mwenye ndevu nyingi na kofia ndefu huonekana shehe hata kama si shehe, na ataulizwa maswali ya mirathi barabarani.

Namna ya kuivaa

Ikae sawa, vidole viwili juu ya nyusi, nyuma ikigusa mwanzo wa kisogo. Kuiegesha upande kuna maana yake. Kijana mchezaji ngoma anaruhusiwa, lakini bwana harusi na mwenye kupeleka posa hawaruhusiwi. Kuisukuma nyuma mpaka nywele za mbele zote zionekane ni dalili ya joto au ya deni.

Nyeupe yenye uzi mweupe huendana na kila kanzu na kila shughuli, na kama utakuwa na moja tu, iwe hiyo. Kanzu ya rangi ya maziwa inapendeza na kofia yenye uzi wa kahawia au dhahabu iliyofifia. Ukiwa na darizi nzito shingoni mwa kanzu, kofia iwe na kazi nyepesi. Vyote vikipiga kelele, hakuna kinachosikika. Mahameli nyeusi iache kwa jioni. Kanzu, koti na kofia ni vazi kamili la shughuli rasmi, na koti liwe la rangi iliyotulia. Kofia na msuli kwa fulana ni vazi la barazani na la kwenda dukani kununua mkate, nami sioni ubaya wowote. Kofia ya kudarizi na suruali fupi siipendi, ingawa nimeshindwa hoja hii na vijana wengi.

Mafuta ya nazi ni adui. Ukipaka nywele, subiri zikauke, au vaa ndani kikofia chepesi cha pamba. Na kwenye bodaboda usivae kofia ngumu juu ya baraghashia. Darizi inasagika, wanga unavunjika, na kofia ngumu yenyewe haikai inavyotakiwa. Iweke baraghashia ndani ya mfuko wako, mdomo wake ukiwa chini, bila kuikunja ikiwa ina wanga.

Kuifua

Kofia ya mkono haiingii mashineni. Iloweke kwenye maji ya baridi yenye sabuni ya mche iliyokwanguliwa, muda wa kutosha jasho lilegee. Kama ina uzi wa rangi, kwanza bonyeza kitambaa cheupe kilicholowa juu ya uzi huo. Kikitoka na rangi, usiloweke kabisa. Ifue haraka na uisuuze papo hapo. Chukua mswaki wa zamani, laini, usugue ukanda wa ndani unaogusa paji, kwa kufuata mshono. Kwenye darizi usisugue, bonyeza tu kwa vidole. Dawa za kung'arisha nguo ziweke mbali, kwa sababu hula uzi, na baada ya miezi vitundu huanza kufunguka kimoja kimoja. Doa la jasho lililogoma lipake maji ya ndimu, uanike juani, usuuze. Hilo ni kwa nyeupe tupu.

Suuza mara tatu, na maji ya mwisho unaweza kuyatia buluu kidogo. Usiisokote kamwe. Ifunge ndani ya taulo uibonyeze.

Kisha wanga. Pika wa muhogo mwepesi sana, mwepesi kuliko uji wa mgonjwa, uuchuje, uache upoe. Chovya kofia, ikamue kwa viganja, halafu fanya kazi ambayo wengi huisahau: ishike mbele ya mdomo upulize vitundu, upande mmoja baada ya mwingine, mpaka viwe wazi. Vinavyogoma vifungue kwa ncha butu ya sindano. Wanga ukikaukia ndani ya vitundu, umejinunulia kofia ya mashine kwa bei ya mkono.

Ivalishe juu ya kitu chenye ukubwa wa kichwa chako. Wenye kazi hiyo wana kalibu za mbao. Nyumbani sufuria iliyopinduliwa inatosha, au bakuli, ukiongeza kitambaa ikipwaya. Laza kipande cha juu kiwe bapa, nyoosha pembeni kwa kiganja kilicholowa maji. Nyeupe ikae juani, ya rangi kivulini. Ianue ikiwa bado ina unyevu kidogo, uipige pasi ya moto wa wastani kwa upande wa ndani, kisha irudishe kwenye sufuria imalizie. Kama huna subira hiyo, mjini wapo wanaofua kofia kwa malipo, na kwa kofia ya harusi ni afadhali uwape wao.

Ukitaka kumpa mtu zawadi ya kofia ya mkono, kipimo chake usikipate kwa kukisia. Mwombe mkewe au mwanawe akuazime kofia ya zamani usiku mmoja, pitisha futi kwa ndani, siyo nje, na uangalie jasho limefika wapi: hapo ndipo anapoivalia. Mpelekee ikiwa imeshatiwa wanga, ndani ya sanduku la karatasi gumu, na umkabidhi mkononi. Usimvalishe wewe.